Ukiitwa Mara ya Tatu

6 Februari 1984

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka katikati ya pamba, gundi na makochi yasiyo na miguu. Mimi mzima, ila kidole gumba nimekichoma kwa ile sindano kubwa ya kushonea ngozi na kimevimba mpaka hakiingii kwenye mkasi. Mpwa wangu anaendeleaje huko bwenini? Mwambie kiti chake cha kusomea mjomba anakitengeneza, asidhani nimemsahau. Na shemeji, jicho lake limepona? Au bado linatoa machozi mchana kutwa na leso haimtoki mkononi?

Sasa, kama una kisu mkononi, kiweke chini.

Nimeliona kasha la Baba.

Nilikwenda kwenye mtaa wa maduka ya vitu vya kale kutafuta springi za kochi la zamani. Mwenye duka la mwisho ni mzee mfupi wanayemwita Bei ya Mwisho, kwa sababu kila bei anayoitaja ni ya mwisho, na ukikohoa kidogo anakutajia nyingine. Dukani mwake kumejaa saa za ukutani zilizokufa na vioo vilivyoingia ukungu. Kasha lilikuwa nyuma kabisa, chini ya rundo la mazulia. Nililijua kwa misumari ya shaba. Nikavuta mazulia, nikaona mfuniko. Alama tatu za panga zipo pale pale, Dada. Ile ndefu iliyompitia Baba begani ikaishia kwenye mbao, na zile fupi mbili alizozikwepa kabla nguvu hazijamwisha. Wamepaka vanishi juu yake.

Hapo nilimkumbuka Mama na masoko yake. Si unakumbuka alivyotufundisha? Tunachokitaka tunakiponda, tusichokitaka tunakisifu mpaka mwenye mali aone haya. Na ukiondoka ukaitwa, geuka mara ya kwanza, geuka ya pili, lakini ya tatu usigeuke, maana atakufuata mwenyewe mpaka barabarani. Basi nikaanza kusifu kiti kibovu kilichokuwa pembeni. Nikakisifu weee. Halafu, kana kwamba ndiyo kwanza naliona, nikauliza hilo sanduku lililokatwakatwa mnauza au mnasubiri kulichanja kuni.

Mzee akacheka. "Hizo alama ndizo bei yenyewe, kijana. Hili limetoka vitani, miaka mia na ushei. Kuna mtu kafia juu yake."

Kuhusu hilo la mwisho hakukosea, ila ni miaka mitatu tu. Nikamwambia mbao yenye majeraha haina thamani, anipunguzie. Akasema kila jeraha lina bei yake. Tukaendelea hivyo, mimi nikiliponda panga lililomuua Baba kama mtu anayelalamikia kitambaa kilichochanika.

Sitaki kasha peke yake. Namtaka aliyemuuzia. Nikienda na polisi, mzee atasema alilinunua mnadani na habari itaishia hapo. Kwa hiyo nitarudi kujadili bei, polepole, mpaka mdomo wake ulegee. Niandikie upesi.

Nduguyo

27 Februari 1984

Mdogo wangu,

Barua yako imenifikia na salamu nimezipokea. Kidole kikande kwa maji ya chumvi, uache ubishi. Binti yangu hajambo, amekuwa wa nne darasani na ameanza kunirekebisha ninavyoongea. Bucha inakwenda. Kile chumba cha barafu alichotuachia mwenye duka wa zamani bado kina nguvu, ila kitasa cha ndani kimekufa kabisa, limebaki tundu tu. Ukifungiwa humo hutoki mpaka mtu wa nje akufungulie. Tunazuia mlango kwa tofali. Kila siku namwambia shemeji yako akitengeneze, kila siku ni kesho. Jicho lake liko vile vile, ameandikiwa dawa nyingine ya matone.

Barua zako yeye ndiye anayezichukua posta, maana sanduku ni lake na mimi sina jingine. Huzifungua na kunisomea nikiwa kwenye gogo la kukatia nyama, kwa kuwa mikono yangu imejaa damu tangu asubuhi hadi jioni. Hii yako aliisoma kwa madaha mpaka pale uliposema umeliona kasha. Akakohoa, akasema mwandiko wako mbaya, atamalizia baadaye. Nikamwambia aendelee. Akaendelea, lakini sauti ilikuwa imemkauka. Nadhani na yeye limemuuma, Baba alimpenda.

Mimi sikulia. Nilikata paja zima la ng'ombe vipande vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyeviagiza.

Mdogo wangu, wewe hukuwepo siku ile. Mimi ndiye niliyeufungua mlango wa nyuma nikamkuta. Alikuwa amelikumbatia kasha hata baada ya kukatwa, wakalazimika kumvunja vidole ili walitoe. Vidole vitatu, niliviona vimegeukia nyuma. Na ndani hamkuwa na fedha za shamba walizozidhania, mlikuwa na nguo za Mama tu. Nimeosha sakafu ile kwa mikono hii, na nikikata nyama naisikia harufu ile. Basi usiniambie habari za polepole. Mkamue huyo mzee. Nataka jina. Nikilipata najua la kulifanyia.

Dada yako

19 Machi 1984

Dada,

Habari za huko? Huku mvua imeingia kwenye karakana, makochi mawili ya mteja yameloa na yananuka kama mbuzi. Mpongeze mpwa wangu kwa hiyo nafasi ya nne, na mwambie asimrekebishe mama yake mbele ya wateja.

Nimekwenda kwa Bei ya Mwisho tena na tena. Sasa ananiwekea chai. Tunaanza na saa, tunahamia kwenye vioo, tunamaliza na kasha, yeye anashuka kidogo na mimi napanda kidogo, tunatukanana, tunaagana. Ameshajua kwamba nina shida na kasha kuliko mnunuzi wa kawaida, na mtu wa aina hii akishajua hivyo umekwisha.

Wiki iliyopita nilikosea. Alinishika mkono akanipeleka kwenye ile alama ndefu, akaingiza kidole chake ndani, akaniambia, "Hebu pima mwenyewe ilivyozama. Aliyepiga hapa hakuwa na utani." Sikumbuki nilivyoinua mkono. Nilimpiga ngumi ya mdomo, akaanguka juu ya saa zake, vioo vikamwagika. Kisha nikawa nimemkalia kifuani na nimemkaba koo, uso wake ukawa mweusi, na nikaona raha. Nakuambia kweli, niliona raha. Akapapasa sakafuni akapata mguu wa meza, akanipiga nao kichwani. Nina jeraha la nyuzi sita.

Unajua alichofanya baada ya hapo? Alitema jino, akakaa kwenye kiti, akahesabu vioo vilivyovunjika, na kila kitu akakiongeza kwenye bei ya kasha. Jino, vioo, na koo lake. Akasema, "Sasa nimejua wewe si mnunuzi. Wewe una maiti."

Nikamwambia ukweli. Hakushtuka, watu wa biashara ile wameona mengi. Akasema kasha ni bei yake na jina ni bei yake. Jina hana, ila sura anaikumbuka vizuri, na sura atauza. Nikaondoka. Akaniita, nikageuka. Nikaondoka tena, akaniita tena, nikageuka. Mara ya tatu sikugeuka, na Dada, hakunifuata. Nilisimama barabarani kama mjinga mpaka nikalowa.

Bei aliyoitaja sina. Hata nikiuza cherehani ya ngozi sitaifikia.

Nduguyo

10 Aprili 1984

Mdogo wangu,

Kichwa chako kinaendeleaje? Hizo nyuzi usizikune. Salamu zako kwa mpwa wako zimefika, anasema anakisubiri kiti.

Nimeuza friji ndogo na mizani ya zamani, na fedha nimekutumia kwa posta, mimi mwenyewe kwa mkono wangu, kwa sababu shemeji yako hayupo. Alipomaliza kunisomea barua yako alijifuta jicho, akauliza huyo mzee duka lake liko sehemu gani hasa. Siku mbili baadaye akasema pikipiki inataka spea ambazo huku hazipatikani, akasafiri na rafiki yake, yule kinyozi wa stendi. Nilimwambia apite kwako akujulie hali. Sijui kama amefika.

Usinunue kasha. Nunua sura. Kasha litangoja, halina pa kwenda. Kama zitabaki hata senti, mnunulie yule mzee jino.

Unasema uliona raha ulipomkaba. Mimi sikushangai. Kila jioni nikinoa shoka la mifupa huwa nafikiria shingo ambayo sijaijua. Binti yangu aliniuliza siku moja mbona natabasamu nikinoa. Nikamwambia nimekumbuka kichekesho.

Dada yako

14 Mei 1984

Mdogo wangu,

Hujambo? Mbona kimya? Fedha umepata au hukupata? Shemeji yako alirudi zamani, hana spea yoyote, na anasema hakuwa na nafasi ya kupita kwako. Ngumi zake zimechubuka, anasema alianguka na pikipiki, lakini pikipiki haina hata mkwaruzo. Nimemuuliza mara moja. Akanipiga kofi, la kwanza tangu tuoane, halafu akaninunulia kitenge.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Dada yako

2 Juni 1984

Dada yangu mpendwa, pamoja na shemeji yangu mpendwa,

Nawasalimu nyote wawili kwa heshima. Mniwie radhi kwa ukimya. Niliteleza kwenye ngazi za karakana nikavunjika mguu wa kushoto na mbavu mbili, na uso umevimba kidogo. Sitaweza kusafiri kwa miezi kadhaa. Ni ajali tu, msiwe na wasiwasi. Ngazi zenyewe zilikuwa mbili, moja ndefu na moja fupi.

Habari ya kasha imekwisha. Lile kasha ni zuri sana, Dada, nilikosea kuliponda. Si la Baba. Bei ya Mwisho ni mtu mkweli, na aliniambia vizuri alikolitoa, kwa hiyo sina tena la kuuliza.

Nikiwa nimelala hapa hospitali nimekuwa nikimfikiria shemeji. Sijawahi kumpa sifa zake. Dada, una bahati. Ni mtu mwema, mwaminifu, anayejali wazee. Mkono wake ni msafi. Na hilo jicho lake linalotoa machozi, watu hulicheka, mimi naliona ni jicho la mtu mwenye huruma. Hata Bei ya Mwisho, nilipomweleza habari za jicho hilo, alilisifu sana, kana kwamba amewahi kuliona. Baba alikuwa na bahati kuwa na mkwe kama huyu karibu na mlango wake. Namsifu, Dada. Namsifu kama nilivyokisifu kile kiti.

Mpe mpwa wangu salamu. Akifunga shule aje kwangu moja kwa moja.

Nduguyo

26 Juni 1984

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimuje. Unaendeleaje na mguu? Mimi mzima wa mwili. Nakuandikia kutoka mahabusu, afande wa zamu amenipa karatasi na kalamu na kikombe cha chai, mama mmoja mwenye moyo mzuri. Usishtuke. Nimekuja hapa kwa miguu yangu. Shemeji yako amekufa, na nimeshaandika maelezo yote na kuweka kidole.

Kwanza mambo ya muhimu. Binti yangu anafunga shule Ijumaa ya mwisho wa mwezi ujao. Nimemwomba mwalimu wake amweke kwenye basi la kuja kwako, mpokee, magongo au hapana. Usimwambie yote kwa siku moja. Bucha iuze. Kasha kalichukue, mpe yule mzee bei anayoitaka na usibishane naye. Nguo za Mama hazimo tena, najua, lakini ni mbao aliyoifia Baba.

Sasa nikusimulie, maana nimechoka kulisimulia kwa kalamu ya polisi.

Barua yako alinisomea yeye. Ilikuwa Jumapili, bucha imefungwa, mimi nilikuwa nasafisha gogo. Alikuja anachekelea, akavuta kiti, akaisoma kwa sauti kama mtu anayesoma cheti cha shule. Alipofika kwenye sifa zake akazirudia. "Umesikia? Mkono wake ni msafi. Nduguyo leo kapata akili." Nikamwambia rudia hapo kwenye kiti. Akarudia. Mikono yangu ilikuwa ndani ya ndoo ya maji, nikaiacha humo humo. Wewe hujawahi kumsifu mtu huyu tangu siku ya harusi yetu, ulipomwita debe tupu mbele ya wazee. Nikamwona Mama sokoni, amesimama nyuma ya chungu kibovu anakisifu, na mimi na wewe tunajua kwamba hapo hatununui.

Nikamwambia, "Mume wangu, nisaidie kunitolea lile paja la mwisho, ni zito." Akaingia chumba cha barafu. Nikasukuma tofali kwa mguu.

Mwanzoni alicheka. Akagonga, akasema acha utani mke wangu, kuna baridi. Nikaweka mdomo kwenye lile tundu la kitasa ambalo hakulitengeneza, nikamuuliza kasha aliliuza kwa kiasi gani. Halafu akasema hajui kasha gani. Nikaondoka. Niliivuka bucha nikafika mlango wa mbele, na akaniita. Nikageuka.

Akasema sawa, aliliuza, lakini alilinunua kwa mtu asiyemjua, aliogopa kuniambia. Nikamwambia bei hiyo haifai. Akapiga mlango kwa bega mpaka nikasikia kitu kimevunjika, sijui ni bega au ni ndoano ya nyama. Akanitukana matusi ambayo hata wachinjaji hawayajui. Kisha akaanza kushuka. Akasema alifungua mlango wa nyuma tu, basi, ufunguo alikuwa nao. Akashuka tena, akasema alisimama nje akilinda. Nilikuwa nimekaa chini, mgongo wangu kwenye mlango, nasikia meno yake yanagongana. Nikamuuliza nani aliyekuwa na panga. Akasema hamjui. Nikainuka nikaondoka, nikafika nje kabisa, na akaniita mara ya pili. Nikageuka.

Akasema ni kinyozi wa stendi. Kinyozi ndiye aliyepiga panga. Nikamuuliza, na vidole? Halafu akasema kwa sauti ndogo sana kwamba Baba hakutaka kuliachia, na kwamba yeye alikuwa anamwomba aliachie, alikuwa anamwita baba, huku anakivunja kimoja kimoja. Akasema alilia. Akasema ndiyo maana jicho halijapona, Mungu anamwadhibu.

Na ngazi mbili za ndugu yangu? Akasema ndiyo, yeye na kinyozi.

Mdogo wangu, hiyo ndiyo bei niliyokuwa naitaka. Hakuna kilichobaki cha kushusha. Akaniuliza, "Sasa nimekwambia yote. Unataka nini tena ili unifungulie?" Akataja pikipiki. Akasema ataondoka, sitamwona tena, ataniachia nyumba, ataniachia mtoto. Alikuwa ananipandishia dau kwa vitu vyangu mwenyewe. Nilijaribu kufikiria kitu ambacho angeweza kunipa na sikukiona. Nilishika mpini wa mlango, nakuapia, niliushika, nikamwona binti yangu na kitabu chake. Halafu nikaona vile vidole vilivyogeukia nyuma.

Kinyozi amekamatwa, walimkuta dukani ananyoa mtu. Nilimtaja kwanza, kabla sijasema lililonileta. Afande aliniuliza kama najuta. Nikamwambia najuta kwamba sikusikiliza kikohozi cha shemeji yako siku ya barua ya kwanza, wewe usingevunjwa mguu. Hilo lingine bado sijalijua, niulize mwakani.

Nilipoachia mpini niliondoka. Nikavuka bucha, nikapita mlango wa mbele, nikaufunga. Akaniita mara ya tatu. Aliniita kwa lile jina alilonipa tulipokuwa wachumba, ambalo hata wewe hulijui. Sikugeuka. Nilikwenda mpaka barabarani, nikasimama pale jua likiwa bado juu, nikangoja kama Mama alivyotufundisha. Watu walipita wakanisalimia, nikawaitikia. Nilisimama mpaka taa za barabarani zikawaka, na hakunifuata.

Dada yako